Nilivyokwenda Kamituga Kuandikisha Watoto Hadithi

Tangu nirudi Bukavu, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za Kamituga, nami kila mara nasimulia kipande na kuacha kingine. Dada yangu amesikia habari ya kuku. Jirani yake amesikia habari ya lori. Wenzangu wa kwaya wanajua tu kwamba nilianguka kwenye matope. Basi naandika safari nzima hapa mara moja, ili nipumzishe mdomo.

Kwa asiyenijua vizuri: naitwa Nsimire, nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, kisha nikaacha chaki nikaanza kutunga vitabu vidogo vya watoto. Siku hizi nazunguka mashuleni, nawasomea watoto na kuwafundisha kutunga hadithi zao wenyewe. Aliyenialika Kamituga ni Asifiwe. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, sasa ni mwalimu wa mwaka wa tano huko. Direkteri wa shule yake hakuwa na hamu ya mambo haya. Alimpa siku tatu tu, Jumatano hadi Ijumaa, kabla ya mitihani, na Asifiwe akaahidi kwamba Ijumaa kila mtoto wa darasa lake atasoma hadithi yake mbele ya wazazi. Wakishindwa, direkteri alisema, michezo hiyo isiletwe tena shuleni pake.

Kutoka Nyawera hadi Nyantende

Jumatatu asubuhi nilikuwa Nyawera, hapahapa Bukavu, na makatoni mawili ya vitabu vyangu, pamoja na mfuko wa mgongoni wenye madaftari na kalamu. Dereva wa jipi, Papa Mushagalusa, ni mtu mzima kuliko mimi, mpole, anayepeleka mizigo ya wafanyabiashara Kamituga. Alisema tutaondoka saa moja. Saa tatu tulikuwa bado tunamngoja abiria aliyekwenda kununua mikate. Aliporudi hakuwa na mkate hata mmoja. Alikuwa na kitanda cha mbao.

"Papa, mikate iko wapi?" Papa Mushagalusa akamuuliza.

"Nilikuta kitanda bei muzuri."

Kitanda kikafungwa juu, makatoni yangu yakawekwa chini yake, bashi, yaani turubai, ikafunika vyote, tukaondoka.

Nilikuwa nimepanga kushuka Nyantende, maana shule moja ya pale iliniomba niwatembelee njiani. Papa Mushagalusa naye alikuwa na viazi vya kupakia, na wakwe zake wanakaa hapohapo, kwa hiyo tukakubaliana kulala na kuendelea kesho yake.

Nilijiandaa vizuri, tena vizuri mno. Nikasimama mbele ya darasa nikawasomea hadithi yangu ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Watoto walisikiliza kwa adabu, hakuna aliyekohoa. Nikawaambia, "Sasa nanyi mtunge zenu." Wakainama wote pamoja, kalamu zikakimbia, nami nikatembea kati ya madawati nikijipongeza moyoni.

Jioni, nyumbani kwa mwalimu wao, baada ya bugali na mboga ya lengalenga na maharage yaliyopikwa yakaiva kweli, nikafungua madaftari. La kwanza: mbuzi aliyekataa kuvuka mto. La pili: mbuzi aliyekataa kuvuka mto. La tatu, la nne, la kumi. Mmoja alianza na ng'ombe, moyo wangu ukaruka, lakini ng'ombe naye akafika mtoni akakataa kuvuka. Madaftari yote yalikuwa hivyo. Wengine walikumbuka hata koma zangu mahali zilipokuwa.

Mwalimu alifurahi sana. "Wamefanya vizuri, maman. Hawakukosea." Nilimshukuru, nikayafunga madaftari.

Nyantende hadi kwenye lori la saruji

Jumanne tuliendelea. Pembeni yangu aliketi Maman Nabintu, mfanyabiashara wa sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ameweka kikapu magotini kama mtu aliyempakata mjukuu. Walungu tulipita salama. Mbele kidogo, kwenye kilima chekundu kilichonyeshewa usiku kucha, tukakuta lori lililojaa saruji limelala ubavu katikati ya barabara. Nyuma yake magari mengi, mbele yake mengine yakitazama huku. Kila dereva alikuwa na ushauri, hakuna aliyekuwa na kamba.

Tulikaa hapo Jumanne nzima. Akina mama wa kilimani walishuka na mahindi ya kuchoma. Maman Nabintu akafungua kikapu akatugawia sambaza kavu wote tuliokuwa kwenye jipi, tukala kwa mikono huku mvua ikianza na kuacha. Yule baba wa kitanda alikiteremsha, akakitandika chini ya bashi, akalala. Tulimcheka asubuhi, lakini alasiri tulimwonea wivu.

Jumatano asubuhi lori lilikuwa bado liko palepale, na siku yangu ya kwanza ya Kamituga ilikuwa inaliwa bure. Ili nisilie, nikatoa hadithi yangu nikaisoma kwa sauti. Maman Nabintu akasikiliza hadi mwisho, akiendelea kuchambua samaki wake. Nikamsimulia na yaliyonipata Nyantende.

"Maman Nsimire, naweza sema kitu?"

"Sema, maman."

"Ile habari ya mbuzi iko muzuri. Lakini bale batoto balifikiri iko dikte."

"Dikte namna gani? Niliwaambia watunge zao."

"Mi nilisoma mpaka mwaka wa nne. Mwalimu anasimama mbele, anasoma, kisha anasema: andikeni. Unaandika bile alisoma. Ukiandika ingine, anakupiga. Batoto bako balikusikia muzuri kabisa. Weye njo haukubasikia."

Dikte za miaka kumi na tisa, zote nilizisomesha mwenyewe.

"Sasa nifanye nini?"

Akacheka. "Mi nauzaka sambaza, mambo ya masomo sijue. Lakini ku soko, nikitaka mutu aniambie habari yake, simuambii yangu kwanza. Namuuliza, kisha nanyamaza."

Kwa pikipiki hadi Mwenga

Adhuhuri Papa Mushagalusa alikagua lori, akarudi akitikisa kichwa. "Maman, hii haitoke leo. Ukitaka kufika, panda moto. Makatoni itabaki na miye, nitaileta."

Kwa hiyo nikaondoka na mfuko wa madaftari tu, bila kitabu changu hata kimoja. Motari, dereva wa pikipiki aliyenibeba, aliitwa Heri, kijana mchangamfu aliyependa kugeuka nyuma kila anapoongea, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Tulianguka mara moja. Matope yalikuwa laini, sikuumia, ila kiatu kimoja kilibaki chini na tukalazimika kukichimba.

"Maman unafanyaka kazi gani?" akaniuliza tulipokuwa tunakivuta.

"Mimi ni mwandishi. Mwandishi wa watoto."

"Ah! Muzuri sana!"

Tangu hapo, kila tuliposimama, penye maji, penye petroli, penye mandazi, Heri alitangaza kwa fahari, "Namupeleka mwandishi wa batoto Kamituga! Kesho asubuhi, ku masomo!" Watu walinitazama kwa heshima isiyo ya kawaida. Mama mmoja aliniongezea mandazi mawili. Tulipofika Mwenga jioni, hadi mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshasikia, akaniuliza kama nitapita kwake pia wakati wa kurudi, maana yeye ana watoto sita. Nilimjibu kwamba nikipata nafasi nitapita kwa furaha. Nilidhani watu wa huku wanapenda vitabu kupita wenyeji wote wa dunia.

Kamituga, Alhamisi

Saa mbili asubuhi tukaingia kwenye uwanja wa shule. Ulikuwa umejaa. Akina mama waliobeba watoto mgongoni, akina baba waliotoka kwenye mashimo ya dhahabu na buti zao, watoto waliovaa nguo za Jumapili. Wengine walishika karatasi za ubatizo, wengine kadi za chanjo. Watu walipomwona Heri wakapiga vigelegele.

Asifiwe akanijia mbio, macho yamemtoka. "Mwalimu, ulisema nini huko njiani?"

"Sikusema kitu! Hawa wote wamekuja kusikiliza hadithi?"

"Hadithi gani? Wamesikia kuna mtu anakuja kuandika watoto. Wanataka majina ya watoto wao yaingie kwenye liste ya msaada!"

Mwandishi wa watoto: niliona ghafla jinsi neno hilo linavyosikika kwa mtu ambaye kila mgeni mwenye kalamu aliyemjia alikuja kuandika majina.

Direkteri, mwanamume mwembamba mwenye tai, hakunisalimia. "Maman, futa hii kitu haraka. Bakikasirika, banabomoa klasi yangu."

Nikapanda kwenye ngazi ya darasa. Ningeweza kupoza maneno, lakini nilikuwa nimechoka na nina matope hadi shingoni, nikasema wazi. "Wazazi wangu, sina liste. Sikutumwa na shirika lolote. Sina msaada wa kugawa. Mimi natunga hadithi, na nimekuja kufundisha watoto wenu kutunga hadithi. Motari hakudanganya, ni mimi sikujieleza. Mnisamehe."

Kelele iliyofuata sitaisahau. Papa Kitungano, rais wa kamati ya wazazi, jitu la mabega mapana lenye sauti ya chini, akainua mkono watu wakatulia.

"Maman, bantu banakuyaka hapa, banaandika batoto betu, banaenda. Hatuonake kitu. Leo weye unakuya, hata kuandika hauandike! Sasa ulikuya kufanya nini?"

Watu wakaunga mkono. Direkteri akaanza kufunga mlango wa darasa. Nilimwona Asifiwe amesimama ukutani, anauma midomo, nikajua anahesabu kwamba neno lake limekwisha thamani.

Ndipo mama mmoja akasogea mbele. Alikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope, maana ni twangaise, mmoja wa wale akina mama wanaotwanga mawe ya migodi kwa vinu vya chuma. Baadaye nilijua anaitwa Maman Sifa.

"Kama hauandike, nani ataandika?" akaniuliza.

"Wao. Watoto."

"Mutoto wangu wa mwaka wa tano anaweza kutunga hadisi?"

"Sijui, maman. Niruhusu nimuulize."

Akanitazama sana, kisha akawageukia wenzake. "Mi nilishaacha kinu changu. Siendi kabla sijaona." Akaenda kuegemea dirisha la darasa, akakunja mikono. Wengine wakamfuata. Papa Kitungano alisita, kisha akachukua dirisha la kati peke yake. Direkteri akaufungua mlango tena polepole.

Ndivyo nilivyoanza kufundisha nikiwa na watoto hamsini na wanane ndani na wazazi kwenye kila dirisha. Kitabu sina, hadithi ya mbuzi sina. Nikaketi kwenye dawati la mbele, nikawageukia watoto.

"Nani anaweza kuniambia jambo lililotokea kwao nyumbani, ambalo Mwalimu Asifiwe halijui?"

Kimya. Nikanyamaza nami. Ni kazi ngumu kunyamaza, hasa kwa mtu aliyezoea chaki. Mvulana mmoja akainua kidole. "Waandishi, si bote balishakufaka?"

"Wengi. Mimi bado."

Wakacheka, na ndimi zikafunguka. Mmoja akasimulia mdogo wake alivyonyolewa nusu kichwa kwa sababu betri ya mashine iliisha. Mwingine akasimulia jinsi mvua ilivyobeba sufuria ya mboga ya sombe na familia nzima ikaifuata bondeni. Hapo mama yake akapiga kelele dirishani, "Hapana sufuria, ilikuwa kifuniko!" na mtoto akamjibu, "Maman, ni hadisi yangu!" Darasa zima na madirisha yote vikalipuka.

Nikasema, "Sasa kila mtu aandike lile alilotaka kusimulia, kabla jirani hajamnyang'anya." Wakaandika. Msichana mdogo wa mstari wa nyuma alifunika daftari lake kwa mkono mzima, asilione mtu. Huyo ndiye Sifa, binti wa yule mama wa kinu.

Kamituga, Ijumaa

Ijumaa asubuhi tulirekebisha na kunakili. Asifiwe alishona kurasa zote kuwa kitabu kimoja kwa sindano na uzi wa cherehani, jalada tukakata kwenye boksi la sabuni. Mchana nilikula kwa Asifiwe fufu na nyama ya kuvukizwa ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini. Niliuliza mara mbili, na mara mbili nikaongezwa.

Saa nane wazazi walikuwa uwanjani, wengi kuliko jana. Watoto wakaanza kusoma mmoja mmoja. Mara zamu ya Sifa ikafika. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti nyembamba iliyofika mbali:

"Papa alileta dhahabu kadogo mu karatasi. Alifungua karatasi. Dhahabu ikaanguka ku mukeka. Kuku akaiona. Kuku akameza. Papa akanyamaza. Mama akanyamaza. Kuku peke yake njo aliendelea kusema."

Watu walianza kucheka, kisha vicheko vikakatika, maana wote walikuwa wamegeuka kumtazama Maman Sifa. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Nikaelewa kwamba hii haikuwa hadithi ya kubuni, na kwamba nyumba ile haikuwa imemwambia mtu yeyote. Sifa naye akaelewa. Akafunga kitabu kifuani. Machozi yakamlenga.

Nilitaka kusimama nimwokoe. Direkteri akakohoa. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko siku ya lori.

"Sifa," mama yake akasema. "Umefunga kitabu juu ya nini? Hujasema bile koko alisema."

Koko ni bibi. Sifa akamtazama mama yake, akafungua kitabu tena.

"Papa akachukua kisu. Koko akasema: Huyu kuku analalia mayai. Kama munamuchinja, munichinje miye kwanza. Papa akaacha kisu. Siku tatu tulifuata kuku na besani. Kuku alienda ku kila nyumba. Sisi tulienda ku kila nyumba. Dhahabu hatukuiona. Kuku angali anatembea. Sisi tunamuheshimu."

"Kumbe!" jirani mmoja akapiga kelele. "Kumbe njo sababu mulikuya kwangu na besani! Mi nilifikiri munaomba unga, nikabapa unga!"

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Walishikana mabega, walifuta macho kwa vitenge. Maman Sifa alicheka hadi akakaa chini, akisema, "Papa yake atasikia leo. Aache asikie!" Kisha akainuka, akaenda kwa mtoto wake, akamfuta uso kwa mkono wake wa vumbi, akaacha alama nyeupe shavuni. Sifa hakuifuta.

Wa mwisho alikuwa mwana wa Papa Kitungano. Hadithi yake ilikuwa fupi kuliko zote: "Papa yangu ni rais. Papa yangu haogope mutu. Papa yangu anaogopa chura. Akiona chura, anapanda ku kiti."

Papa Kitungano akasimama, mabega yake yote.

"Soma tena," akasema.

Mtoto akasoma tena, sauti ikitetemeka. Papa Kitungano akatafakari, kisha akawageukia watu. "Iko kweli," akasema, akakaa. Hata direkteri alilegeza tai ili acheke vizuri.

Baada ya kusoma niliwaambia wazazi kwamba nitachukua kitabu hadi Bukavu, nitafute mtu wa kukipiga chapa. Nilidhani watapiga makofi. Papa Kitungano akasimama tena.

"Hapana, maman. Kitabu haitoke Kamituga. Bantu hawajasikia. Kuna bale bako mu mashimo, kuna bagonjwa, kuna koko mwenyewe hajasikia kuku yake. Tutasoma ku kila avenue, mutaa kwa mutaa. Weye ukitaka, unakili."

Nilibishana kidogo, kwa kuona aibu ya kushindwa haraka. Kisha nikakaa na daftari, nikanakili, na watoto wakinisimamia begani na kunisahihisha nilipoandika Kiswahili cha vitabu mahali ambapo wao waliandika chao. "Hapana vile, maman. Andika bile niliandika."

Direkteri alinipa mkono wakati wa kuagana. Alimwambia Asifiwe, mbele yangu, kwamba mwaka wa nne nao wanaomba kutunga. Asifiwe alijibu, "Ndiyo, direkteri," kwa utulivu mkubwa, kisha tukaingia nyuma ya darasa tukarukaruka kama wasichana wa miaka minane.

Kurudi

Papa Mushagalusa alifika Jumamosi na makatoni yangu, makavu kabisa. Nikayaacha yote shuleni. Jumapili nilikwenda misa, na padri alinikaribisha kwa jina, akaongeza kwamba angependa kumwona yule kuku.

Jumatatu asubuhi tukapakia. Barabara inapita nyuma ya shule, na mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo madirisha ya madarasa yalikuwa wazi. Nilisikia mtoto anasoma kwa sauti. Nikamwomba Papa Mushagalusa asimame kidogo.

Ilikuwa habari ya mtu aliyekwenda kuposa, akavaa suruali ya kaka yake, na kaka akatokea palepale kuidai. Sikuifahamu. Haikuwa miongoni mwa zile hamsini na nane. Ilitoka darasa la mwaka wa nne, na Asifiwe alikuwa huko ndani, nilisikia sauti yake ikiuliza, "Kisha?" na halafu akanyamaza.

"Maman, unashuka ubaage?" Papa Mushagalusa akauliza.

Darasa likacheka, kicheko kikubwa kilichomwagika hadi barabarani.

"Hapana, papa," nikamwambia. "Wako kazini. Twende."